Deni Limeandikwa kwa Jina la Nani?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Klabu kubwa ya mpira huinuliwa au kuangushwa na nani: wachezaji, kocha au mwenye mali?" Nimelisoma ofisini, kwenye chama chetu cha msingi cha wakulima, minada ya korosho imekwisha na vitabu vya mizani vimerundikana mezani. Jibu langu ni mwenye mali. Lakini tukisema hivyo tu, tutaishia kubishana nani tajiri kuliko nani, na matajiri wamejenga klabu na wamebomoa klabu. Mimi nauliza jambo lingine: deni limeandikwa kwa jina la nani?

Nianzie nyumbani. Mama yangu mdogo ni mama lishe hapa Masasi, na banda lake limepakana na uwanja ambao timu moja ya huku kwetu ilikuwa ikifanyia mazoezi. Timu ikapata mfadhili, vijana wakawa wanakula kwake: asubuhi chai na mihogo, jioni ugali na kisamvu, siku ya mechi samaki. Alikuwa na daftari gumu lenye jalada jeusi, na kila jioni aliandika kwa kalamu ya bluu: "Timu, sahani 22." Miezi miwili ya kwanza alilipwa. Wa tatu mfadhili alikuwa safarini. Wa nne simu yake haikupatikana tena. Mama mdogo akawafuata viongozi mmoja mmoja, na kila mmoja alikubali kwamba deni ni la timu, ila hakuna aliyekubali kwamba timu ni yeye.

Siku nilipokwenda kumwamkia alinisogezea daftari lile. "Mwanangu, wewe ndiye karani. Hebu nionyeshe humu ndani, timu ni nani?"

Nikapekua kurasa zote. Timu, timu, timu. Chakula alikitoa mtu mwenye jina, akala kijana mwenye jina, lakini deni halikuwa na mwenyewe.

Mimi ni shabiki wa Manchester United tangu mwaka 1999, nikiwa darasa la tano, na tangu siku ile ya daftari naielewa klabu yangu kuliko nilivyoielewa miaka yote. Mwaka 2005 familia ya Glazer kutoka Marekani iliinunua kwa takriban pauni milioni 790. Zaidi ya nusu ya fedha hizo zilikopwa, na sehemu kubwa ya mkopo ule ikabebeshwa klabu yenyewe. Klabu iliyokuwa haidaiwi ikalala huru ikaamka na deni la kununuliwa kwake yenyewe. Ukijumlisha riba, ada na gawio walilolipwa wenye hisa, inakadiriwa kwamba zaidi ya pauni bilioni 1 zimeshatoka tangu mwaka ule. Mnunuzi ni familia, ila kwenye daftari pameandikwa "Timu".

Sisi wa korosho tuna neno la jambo hili: makato. Bei ya mnada ikitangazwa, vijana wanapiga vigelegele. Mzee aliyelima miaka 40 hapigi kelele. Anasubiri watu watulie, kisha anauliza, "Mkononi naondoka na ngapi?" Anajua kuna ushuru, kuna gharama za ghala, kuna za usafirishaji, kuna za chama. Mapato ya United ni kama bei ya mnada, yanatangazwa kila mwaka na yanatisha kwa ukubwa. Shabiki anatakiwa kuuliza kama yule mzee.

Kuna watakaonijibu kwamba baada ya 2005 tulichukua ubingwa wa England mara tano, na Ulaya tukachukua 2008. Ni kweli, na nilishangilia yote. Tulikuwa na kocha Sir Alex Ferguson, na mkulima hodari anaweza kuvuna vizuri hata shamba likiwa na deni. Alipostaafu 2013 ndipo shamba lenyewe likaonekana. Ubingwa wa mwisho ni huo wa 2013.

Wengine watasema fedha zilitumika, na hilo nalo ni kweli. Paul Pogba alinunuliwa pauni milioni 89 mwaka 2016, rekodi ya dunia wakati ule. Lakini anayetumia fedha ambazo hazitoki mfukoni mwake haumii akikosea. Kosa linarudi kwenye daftari la timu. Anapenda kununua kinachoonekana, yaani mchezaji mwenye jina, apigwe picha ameshika jezi. Paa halipigwi picha.

Na paa nililiona. Ilikuwa Mei 12, 2024, tunacheza na Arsenal, nami nimekaa benchi la mbele katika banda la kuonyeshea mpira karibu na stendi. Tukafungwa 1-0. Mvua kubwa ikanyesha Manchester, maji yakawa yanaporomoka kutoka kwenye paa la Old Trafford kama mfereji, watu wamekaa chini yake na makoti yamelowa. Banda letu limeezekwa kwa bati, na lilikuwa halivuji. Kijana mmoja aliyekaa nyuma yangu, shabiki wa Arsenal, alinyamaza kwanza, halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Kaka, hawa si ndio matajiri?" Nilishindwa kumjibu, na niliumia kuliko nilivyoumizwa na lile bao.

Mwaka huohuo tajiri wa Uingereza, Sir Jim Ratcliffe, alinunua zaidi ya robo ya hisa na kukabidhiwa uendeshaji wa mpira. Wafanyakazi kama 250 wakapunguzwa, na mwaka uliofuata wengine wakaambiwa zamu yao imefika. Hata chakula cha mchana cha bure cha wafanyakazi pale Old Trafford kikatangazwa kuondolewa. Msimu huo wa 2024/25 tulimaliza nafasi ya 15, na fainali ya Europa kule Bilbao tukafungwa na Tottenham 1-0. Mtu aliyekuwa akipika au kufagia uwanjani hakusaini mkopo wowote mwaka 2005, lakini sahani yake ndiyo iliyoondolewa mezani kwanza. Hapo ndipo ninapokasirika.

Chelsea ni hadithi ya upande wa pili. Roman Abramovich aliichukua 2003, akaikopesha yeye mwenyewe takriban pauni bilioni 1.5, na alipolazimika kuiuza 2022 alisema hadai. Klabu ilipata makombe mawili ya mabingwa wa Ulaya. Lakini angalieni miezi ile ya 2022: serikali ya Uingereza ilipozuia mali zake kwa sababu ya vita ya Ukraine, klabu ikakatazwa hata kuuza tiketi mpya. Mfuko mmoja ukifungwa kamba, nyumba nzima inalala na njaa. Portsmouth wanalijua hilo zaidi. Walichukua Kombe la FA mwaka 2008, mwaka 2010 wakaingia kwenye ufilisi, na 2013 walikuwa wameshashuka hadi daraja la nne, wakaokolewa na mashabiki wao waliochanga wakainunua.

Basi klabu iwe ya wanachama? Ningependa sana. Ila Barcelona ni ya wanachama, na mwaka 2021 ilishindwa kumbakiza Lionel Messi kwa sababu ya madeni na mishahara iliyopita kiasi. Mwaka uliofuata viongozi wake wakauza asilimia 25 ya mapato ya televisheni ya ligi ya Hispania kwa miaka 25 ijayo. Mtu wa Lindi au Mtwara hahitaji kuelezwa jambo hili, maana hiyo ni kangomba. Baba ana mgonjwa au mtoto anatakiwa shule, mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua, anakuja mtu na noti mkononi, na korosho ambazo hazijaanguka zinakuwa zimeshauzwa kwa bei ya shida. Barcelona walisajili na wakachukua ubingwa 2023, na wajukuu wa wanachama wale watakuwa bado wanakatwa. Uanachama peke yake haulindi kitu kama wanachama hawasomewi vitabu. Katika vyama vyetu vya msingi tumejifunza hivyo kwa machozi.

Hapa nchini tumeyaona yote. Yanga ilichukua ubingwa mara tatu mfululizo chini ya mfanyabiashara Yusuf Manji. Alipoondoka 2017, klabu ikayumba hadi bakuli la michango likapitishwa kwa mashabiki, huku Simba, yenye fedha za Mohammed Dewji, ikichukua ubingwa mara nne mfululizo. Kisha kampuni ya GSM ikaingia Yanga na meza ikapinduka. Mfumo waliokubaliana Simba, asilimia 51 kwa wanachama na 49 kwa mwekezaji kwa shilingi bilioni 20, naupenda kwa maandishi. Ila 51 ni namba tu kama mwanachama wa kadi hawezi kusimama mkutanoni akauliza na kujibiwa.

Na huku kwetu? Msimu wa 2019/20 Namungo ya Ruangwa, ikiwa ngeni Ligi Kuu, ilimaliza nafasi ya nne na baadaye ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Msimu huohuo Ndanda ya Mtwara, Wana Kuchele wetu, walishuka. Uwanja wao wa Nangwanda Sijaona ukawa kimya. Nawaomba wanaotamani kuirudisha Mtwara Ligi Kuu wasianze kwa kutafuta tajiri. Waanze kwa kuandika nani atalipa nini, na akiondoka anaacha nini.

Mama mdogo hajalipwa hadi leo. Msimu huu timu nyingine imekuja kuomba iwe inakula kwake, na mfadhili amefika mwenyewe, mtu mstaarabu, na jezi mpya kwenye gari. Nilikuwepo. Mama mdogo alimkaribisha kiti, akamtengea chai, akaingia ndani akatoka na lile daftari lenye jalada jeusi. Akafunua ukurasa mpya.

"Baba, kabla sijabandika sufuria," akasema, "niandike jina la nani?"

Karani wa chama cha msingi,
Masasi, Mtwara