Maswali ya Wasomaji: Nyoka wa Gata Hutafutwa Wapi Theluji Inapoyeyuka?

SWALI

Ndugu Mhariri,

Ninaishi Manitoba, nchini Kanada. Tangu theluji ianze kuyeyuka nimetoka mara tatu pamoja na binti yangu mwenye umri wa miaka tisa kuwatafuta nyoka wa gata, wale wembamba wenye mistari mitatu iliyonyooka kutoka shingoni hadi mkiani. Tumezunguka bwawa lile lile tulikowaona wengi mwezi wa Julai mwaka jana, lakini hatujamwona hata mmoja. Je, tumewahi mno, au tunatafuta pasipo nyoka? Na tukimpata, inafaa binti yangu amshike?

Msomaji, Manitoba

JIBU

Ndugu msomaji, majira mmeyapatia. Mlichokosea ni mahali. Bwawani ndiko wanakokwenda wakati wa kiangazi kula vyura, na penye unyevunyevu karibu na maji hupata pia nyungunyungu, lakini mapema katika majira ya kuchipua nyoka huyu hana haja na chakula. Akishatoka chini ya ardhi alikokaa zaidi ya nusu mwaka, hutafuta joto kwanza, kisha dume hutafuta jike, na siku hizo za kupandana madume hawali kabisa. Kwa hiyo liacheni bwawa kwa sasa, mtafute mahali walipopitishia baridi.

Mahali hapo ni tundu au ufa wowote unaofika kina ambacho ardhi haigandi: nyufa za mawe, mashimo yaliyoachwa na wanyama wengine, hata misingi ya majengo ya zamani. Katika sehemu yenu ya dunia mawe ya chokaa yamemomonyolewa na maji yakawa na mapango na mashimo mengi, na ndiyo maana nyoka hukusanyika humo kwa wingi usioonekana kwingineko. Huko Narcisse, yapata kilomita 130 kaskazini ya Winnipeg, makumi ya maelfu hutoka kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei, na wageni wametengenezewa njia za kutembelea na majukwaa ya kutazamia. Ningekushauri uanzie huko, kwa sababu mtoto akishaona mara moja jinsi pango lao lilivyo, atalitambua jingine popote atakapolikuta. Wengine husafiri zaidi ya kilomita 15 kutoka pangoni hadi malisho ya kiangazi, basi msishangae ikiwa pango la nyoka wenu wa bwawani liko mbali sana na bwawa.

Chagueni siku ya jua isiyo na upepo mkali, hewa ikiwa imefikia nyuzi 10 za Selsiasi au zaidi, na mwende kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Tazameni miteremko inayoelekea kusini, kwenye nyasi kavu na kingo za mawe, kwa kuwa nyoka anayeota jua hasogei mbali na mlango wake. Tembeeni polepole, msiache vivuli vyenu viwatangulie, na msikilize mchakacho katika majani makavu, kwani mara nyingi sikio humpata kabla ya jicho. Kugeuza mawe hakuna haja katika kipindi hiki, na penye pango ni kuwabomolea nyumba.

Madume hutoka kwanza na kusubiri. Jike, ambaye kwa kawaida ni mkubwa kuliko wao, akitokeza, huzingirwa na madume kwa makumi hadi likafanyika fundo moja la nyoka linaloviringika. Jambo linalonistaajabisha kuliko yote ni kwamba baadhi ya madume waliotoka punde hutoa harufu kama ya jike, wenzao wakawaparamia, na kwa njia hiyo yule aliyetoka akiwa baridi hupata joto kutoka miili ya wenzake.

Kuhusu kumshika, nashauri msimshike. Si kwamba ni hatari: mate yake yana sumu hafifu isiyomdhuru mtu kwa kawaida, na akiuma, jeraha huoshwa kwa maji na sabuni. Tatizo ni kwamba nyoka aliyepoa hana nguvu za kukimbia, na akibughudhiwa hutoa majimaji yenye uvundo usiotoka mikononi upesi. Binti yako akichutama hatua tatu kutoka hapo kwa nusu saa ataona mengi kuliko yule aliyemkamata, kwa sababu nyoka wakishatulia huendelea na shughuli zao kana kwamba hayupo.

Mkigundua pango lisilojulikana, msilitangaze. Nyoka hurejea pango lile lile mwaka hata mwaka, na mtu mmoja mwenye gunia anaweza kulimaliza kwa siku moja. Hata barabara huwaangamiza: karibu na Narcisse maelfu walikuwa wakikanyagwa na magari kwenye barabara kuu namba 17, hata ikabidi vijengwe vizuizi na mifereji ya kuwapitisha chini yake. Andikeni tu mahali na tarehe katika daftari lenu, kisha mrudi hapo mwezi wa Septemba, wakati nyoka wanapokuwa wakirejea na kuota jua la mwisho kabla ya kuingia chini.