Unga wa kutia kwenye chai ya mlevi

SWALI: Habari daktari. Mume wangu ni makanika hapa Kaptembwo, Nakuru. Anakunywa kila siku tangu 2008, duka la kaka yake lilipochomwa usiku, mume wangu mwenyewe akiwa ndani. Asubuhi mikono hutetemeka mpaka atoe loki, yaani anywe tena kidogo. Usiku huamka amelowa jasho, anaangalia komeo la mlango hata mara tatu. Hanipigi, lakini hatuongei, na mtoto akilia yeye hutoka nje. Jirani ameniuzia unga wa kutia kwenye chai yake bila yeye kujua, ati kwa siku 7 ataichukia pombe. Ni salama? – Mama Wawili

JIBU: Mama Wawili, huo unga usimtilie.

Swali hili huletwa kwangu karibu kila wiki na huniuma kila mara, kwa sababu muuzaji huwa amekwisha kula pesa zake wakati mke analia kwenye korido ya hospitali. Kuna mama aliyemleta mumewe usiku kwa bodaboda, amemkumbatia kiunoni asianguke. Mwanamume alikuwa anatapika nyongo, kifua kina moto, moyo unamwenda mbio, presha imeshuka vibaya. Tuliuliza amekula nini, mama akanyamaza. Ilipita karibu saa nzima ndipo akafungua fundo la leso akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa, ndani yake mabaki ya unga mweupe. Vilikuwa vidonge vya disulfiramu vilivyosagwa.

Disulfiramu ni dawa halali. Watafiti wawili wa Denmaki waligundua kazi yake miaka ya 1940, na mpaka leo tunaiandika. Ini huvunja pombe kwa hatua mbili: kwanza huigeuza kuwa sumu iitwayo asetaldehaidi, kisha huivunja sumu hiyo. Dawa hii huzuia hatua ya pili, kwa hiyo ukinywa kidogo tu sumu hujaa mwilini. Anayejua anachomeza huikwepa pombe. Asiyejua ataenda kwenye chang'aa yake kama kawaida, na akiwa na ugonjwa wa moyo anaweza asirudi. Hata dawa ikikatwa, hatari hubaki mwilini hadi wiki 2. Na huo wa jirani yako huenda si disulfiramu hata kidogo. Unga usio na jina unaweza kuwa chochote.

Yule mwanamume alipona. Lakini mkewe aliniambia kwamba mumewe sasa anajipikia chai mwenyewe, na sufuria yake huificha chini ya kitanda. Tiba yote ya uraibu tunayoijua huhitaji mgonjwa amwamini angalau mtu mmoja, na huyo mtu alikuwa mkewe.

Sasa sikiliza kuhusu wako. Umeniandikia kama anayeuliza habari za pombe, lakini mimi nasoma habari za komeo. Mtu anayelinda mlango miaka yote hii bado yuko ndani ya lile duka. Hicho ndicho kiwewe, na pombe ameifanya dawa yake ya usingizi. Humlaza upesi, kisha usiku wa manane, inapoisha mwilini, usingizi hukatika na jinamizi hurudi kwa nguvu. Kesho yake anaongeza. Kutoka nje mtoto akilia nako si kwamba hampendi. Kilio humrudisha kule, naye hajui njia nyingine ya kujinusuru. Ganzi hiyo unayoiona akiwa nawe ni sehemu ya ugonjwa, ingawa najua inavyoumiza kulala kando yake.

Wapo watakaokwambia akaushe pombe mwaka mzima kwanza, kiwewe kiguswe baadaye. Sikubaliani nao. Tukimwondolea pombe tukamwacha na zile ndoto, atairudia. Vyote viwili hutibiwa pamoja.

Kinachonikasirisha zaidi kuliko unga ni wale wanaowachukua watu kwa nguvu. Familia hulipa vijana wanne waje usiku, wavunje mlango, wambebe mzee mzobemzobe hadi kwenye nyumba iliyobandikwa jina la rihabu. Hebu fikiria kumfanyia hivyo mtu aliyevamiwa usiku 2008! Wengine hufungiwa chumbani kwa maombi na mfungo, bila dawa. Anayekunywa kila siku na kutetemeka asubuhi akikatiwa ghafla anaweza kupata kifafa ndani ya siku 2 za mwanzo, kisha kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Watu hufa hivyo, na matanga yakianuliwa watu husema pombe imemuua. Kumkausha ni kazi ya hospitali, penye dawa za kutuliza mwili na vitamini B1. Maombi sina ugomvi nayo, mradi yaandamane na matibabu. Na kituo chochote utakachoambiwa, uliza kwanza kama kimeidhinishwa na NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya; simu yao ya bure ni 1192.

Zungumza naye asubuhi moja, akiwa ametulia. Usianze na pombe wala pesa. Mwambie umemwona akiangalia komeo na unajua anaogopa nini. Wanaume wengi wa umri wake hapa Nakuru hawajawahi kuambiwa maneno hayo na mtu yeyote. Kisha mje pamoja hospitali ya kaunti, kitengo cha afya ya akili. Akikataa, njoo wewe mwenyewe, kwani hata wewe umeumia. Siku akikuinulia mkono, piga 1195, simu ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia.

Na kama umeshamtilia unga huo hata mara moja, mwambie leo kabla hajatoka kwenda kunywa. Ukiogopa kumwambia ukiwa peke yako, mwite dada yake au mzee anayemheshimu. Mabaki usiyatupe. Yafunge kwenye karatasi uje nayo, tuyaone.