Nyumba yako, ardhi ya mwingine: kabla hujanunua Uingereza

Watu wa Mombasa wanaijua hali hii tangu zamani: nyumba yangu, kiwanja cha mwingine, na mwenye kiwanja anadai kodi yake. Uingereza utaikuta pia, hasa Manchester, Bolton na miji ya jirani, ila huku imefungwa ndani ya mkataba mrefu, lizi. Unanunua nyumba kwa miaka 125, 250 au 999. Ardhi haimo.

Mimi nilinunua ya namna hiyo Bolton. Kabla hujaipenda bei, tafuta kifungu cha kodi ya ardhi, ile unayomlipa mwenye ardhi. Paundi 250 kwa mwaka hazimtishi mtu, lakini kama mkataba unasema kodi inaongezeka maradufu kila miaka 10, piga hesabu: baada ya miaka 50 utadaiwa paundi 8,000 kwa mwaka. Na hata kabla ya hapo, ukitaka kuuza, benki zinaweza kukataa kumkopesha mnunuzi wako. Kwa sheria iliyoanza 30 Juni 2022, mikataba mipya kwa kawaida haina kodi hiyo. Ya zamani, ambayo ndiyo imejaa sokoni, sheria ile haikuigusa.

Wakili mtafute mwenyewe, usichukue wa kupendekezwa na kampuni inayokuuzia.

Kingine ambacho wengi hawaambiwi: ardhi iliyo chini ya nyumba yako inaweza kuuzwa bila wewe kuulizwa. Haki ya kupewa nafasi ya kwanza ya kununua ni ya wenye fleti, si yetu sisi wenye nyumba. Mwenye ardhi wangu alibadilika nikiwa ndani, na huyo mpya akaanza na ada: ada ya ruhusa ya kuvunja ukuta wa jikoni, ada ya kujibiwa barua. Nilifungua mkataba. Ulitaja mabadiliko ya nje tu. Nikamwandikia namba ya kifungu, dai likafutwa. Kwa hiyo usilipe kwa sababu tu barua ina nembo. Hata kodi ya ardhi yenyewe haidaiwi mpaka uletewe notisi rasmi kama sheria inavyotaka. Bila notisi, faini ya kuchelewa haina msingi.

Halafu ikaja barua ya upole: tukuuzie ardhi, bei hii, jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Hapa ndipo watu wanapoumizwa, kwa sababu makubaliano ya pembeni, nje ya utaratibu wa sheria, huwapa wenye ardhi nafasi ya kuandika wanachotaka. Kwenye rasimu niliyotumiwa, nilitakiwa niendelee kuomba ruhusa na kuilipia hata baada ya ardhi kuwa yangu! Nilikataa, nikafuata njia ya sheria ya mwaka 1967, inayompa mwenye nyumba ya lizi haki ya kununua ardhi. Wakili hupeleka notisi ya madai, mwenye ardhi ana miezi 2 ya kujibu, na mkishindwana bei, baraza la sheria liitwalo First-tier Tribunal huamua. Utabeba gharama za wakili na mthamini wako, pamoja na zile za upande wa pili zilizo za haki. Mimi naona zina thamani yake. Sharti la zamani la kumiliki nyumba miaka 2 kabla ya kudai liliondolewa 31 Januari 2025, na Leasehold Advisory Service, shirika la ushauri wa mambo ya lizi, wanatoa ushauri bure.

Kama mtaa wenu una barabara na bustani za pamoja, muulize wakili kuhusu ada ya matunzo. Hiyo inaweza kubaki hata ukishanunua ardhi.