Mafuriko na mafuta: maswali yenu

Marekani hulegeza viwango vya mafuta kimbunga kikipiga. Hulegeza nini hasa? (Malindi)

Sharti moja au mawili tu. Petroli yao ya kiangazi hutakiwa isitoe mvuke mwingi, kwani mvuke ukipigwa na jua huchafua hewa. Mitambo ya kusafisha ikifungwa, kama wakati wa kimbunga Katrina mwaka 2005, mamlaka ya mazingira, EPA, huruhusu petroli ya majira ya baridi, au dizeli yenye salfa zaidi. Ruhusa hutaja aina ya mafuta na eneo, na haizidi siku 20 ila itolewe nyingine.

Tana ikifurika na barabara ya Garsen–Witu ikikatika, hilo lingetufaa Lamu?

Kidogo sana. Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, kwa hiyo petroli huingia Mombasa ikiwa tayari. Lori likikwama Gamba na shehena safi, ubora hauna kosa. Njia ndiyo imekatika. Kinachofaa ni matangi kujazwa kabla ya mvua, na hospitali na boti za wagonjwa kutengewa fungu lao kwanza. Kulegeza kuna maana pale tu mafuta yaliyopo karibu yanapokosa kiwango kwa kidogo tu, na yaliyotimiza kiwango yako mbali.

Dizeli ya salfa nyingi itaua mashine ya boti yangu?

Mashine kuukuu itavumilia wiki chache. Salfa ikiungua huzaa asidi inayochosha oili, basi badilisha oili mapema. Gari jipya lenye chujio la masizi kwenye ekzosi usilitie kabisa.

Muuzaji anachanganya petroli na mafuta ya taa, anasema ni dharura. (Mokowe)

Huo ni wizi, ndugu yangu. Ruhusa hutolewa na serikali, hadharani, si na mwenye mtungi. Mafuta ya taa kwenye petroli hufanya injini igonge, plagi zijae masizi, na pistoni yaweza kutoboka ukiwa katikati ya bahari. Kinyume chake ni kibaya zaidi: petroli iliyobaki mtungini ikichanganyika na mafuta ya taa, jiko au kandili hulipuka mkononi mwa anayewasha. Tenga mitungi, uiandike kwa rangi, na usiibadilishe kazi hata kwa siku moja.

Nitajuaje kama maji ya mafuriko yameingia kwenye pipa?

Vuta nusu lita kutoka chini kabisa kwa mpira, utie kwenye chupa nyeupe ya kioo, uiache nusu saa. Maji hukaa chini na mpaka huonekana. Ukiuona, endelea kuvuta kutoka chini mpaka yatoke mafuta matupu, kisha safisha filta kabla ya kuwasha.