Kamera ya zamani ya kompyuta (webcam ya USB) imegoma baada ya kuhamia Windows 11

Kama ilikuwa inafanya kazi kwenye Windows 10 na sasa inaonyesha giza tu, usikimbilie kununua nyingine. Anza na Settings, Privacy & security, Camera. Washa ruhusa zote, hasa ile ya chini kabisa ya programu za dekstopu, wengi huiruka.

Bado? Fungua Device Manager, bofya jina la kamera kwa kitufe cha kulia, chagua Update driver, Browse my computer, kisha Let me pick. Kwenye orodha chukua USB Video Device badala ya draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kampuni. Chomoa, uchomeke tena moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye habu.

USB Video Device isipokuwepo kwenye orodha, huenda kamera haifuati UVC, kiwango cha pamoja cha kamera za USB. Kama draiva yake ni ya biti 32 pekee, haitafanya kazi kamwe, maana Windows 11 ni ya biti 64 tu. Kamera nyingi za namna hiyo bado zinatambulika kwenye mfumo wa Linux kupitia gspca, moduli yake ya draiva za kamera.

Ukiona msimbo wa kosa 39 (Code 39) kwenye Device Manager, mara nyingi Memory integrity ndiyo imezuia draiva. Inazimika, ila hiyo ni kinga ya kiini cha mfumo. Mimi nisingeizima kwa ajili ya kamera.