Bibi wa Kioo Anajibu: Wiki ya Tatu, na Bado Hakuna Samaki

*Shikamoo Bibi. Nina tangi la lita 60 ambalo nataka liwe mwamba mdogo wa matumbawe. Nimeweka mawe makavu kilo 7, mchanga, pampu na hita. Joto ni nyuzi 25. Sasa ni wiki ya tatu. Niliweka amonia kidogo kama ulivyowahi kuelekeza, nayo imeshuka hadi sifuri, lakini nitriti bado inageuza kichupa cha kipimo zambarau iliyokolea. Mchanga umefunikwa na vumbi la kahawia hata nikiwasha taa mchana kutwa. Maji yakipungua naongeza mengine ya chumvi, kama lita 2 kwa wiki. Aliyeniuzia tangi alisema samaki wangeingia tangu siku ya pili, na wanangu wananicheka kwamba nafuga mawe. Je, nitie wawili tu, wale wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe?*
*Mfuga Mawe*

Marahaba, mwanangu. Usitie.

Ila kabla ya hao samaki, kuna jambo umeliandika kwa kupita tu, nalo ndilo lililonifanya nivue miwani na kuisoma barua upya: kwamba maji yakipungua unaongeza ya chumvi. Maji yanapogeuka mvuke, chumvi haiendi nayo. Inabaki tangini, nawe kila wiki unaiongezea nyingine juu yake.

Hebu tupige hesabu. Mawe na mchanga vimekula nafasi, kwa hiyo maji yenyewe ni kama lita 50, si 60. Ulianza na gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita. Lita 2 kwa wiki, wiki 3, ni lita 6. Hizo zimekuletea gramu 210 za ziada. Gawa kwa 50, kila lita sasa imebeba gramu 4 zaidi ya ilivyostahili. Nitashangaa kama rifraktomita yako, kile kifaa cha kupimia chumvi majini, haisomi karibu 1.030, na ulipotakiwa kuwa ni 1.026. Bakteria wako watastahimili. Konokono anaweza asistahimili, na tumbawe linaweza kujikunja.

Dawa yake ni rahisi kwa kuwa tangi halina mnyama. Chota lita 5, mwaga, rudisha lita 5 za maji yasiyo na chumvi. Nusu leo, nusu kesho, kisha pima. Baada ya hapo bandika kipande cha utepe kwenye kioo pale maji yanapoishia, na kila asubuhi jazia maji yasiyo na chumvi mpaka kwenye utepe. Maji ya chumvi yataingia siku ya kubadilisha maji tu. Na hiyo rifraktomita irekebishe kwa kimiminika maalumu chenye gramu 35 za chumvi, usiirekebishe kwa maji matupu, maana inaweza kuwa sahihi kwenye sifuri na ikakudanganya kule juu unakoihitaji.

Maji yenyewe yatoke kwenye mtambo wa kuchuja kwa utando, ule unaotoa karibu madini yote. Ya bomba huja na klorini, mara nyingi na fosfeti inayolisha mwani, na pengine na shaba kutoka kwenye mabomba. Shaba kidogo sana inatosha kuua konokono na kamba.

Sasa nitriti. Tangini mwako mna makundi mawili ya bakteria wanaosafisha sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki. La kwanza linakula amonia na kutoa nitriti. Hilo limeshakomaa, ndiyo maana amonia imefika sifuri. La pili linakula nitriti na kutoa nitrati, na hilo huchelewa kuamka. Kazi yote huchukua wiki 3 hadi 6, na kwa mawe makavu kama yako mimi huhesabu 6 ili nisijidanganye. Nitrati usihangaike kuipima kwa sasa: nitriti ikiwa nyingi, kile kipimo cha nitrati husoma juu kuliko ukweli, utapata hofu ya bure.

Siku nitriti itakapofika sifuri usikimbilie dukani. Tia tena amonia mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, ngoja saa 24, pima. Amonia sifuri, nitriti sifuri? Badilisha nusu ya maji, tangi liko tayari. Imebaki nitriti hata kidogo? Ngoja siku chache, rudia. (Kama amonia yako ni ya kusafishia nyumba, tikisa chupa kwanza. Ikifanya povu lisilokatika, ina sabuni, irudishe kabatini.)

Mimi tangi langu la kwanza nilitia samaki wawili siku ya pili, kwa ushauri kama huo uliopewa wewe. Siku ya tano alfajiri nikawakuta juu kabisa ya maji wanahema, mashavu yamekuwa mekundu. Nikadhani wana njaa. Nikawapa chakula! Kile chakula kikaoza kikawa amonia juu ya amonia iliyokwisha kuwaunguza. Kufika mchana nilikuwa nawatoa kwa kijiko. Daftari langu la vipimo lina ukurasa wa kwanza wenye mstari mmoja tu, na mstari huo ni wa siku ile.

Hilo vumbi la kahawia ni diatomu, mwani mdogo sana. Karibu kila tangi jipya hulipata, likila silika, yaani madini yaliyomo kwenye mawe na mchanga, na silika ikipungua nalo linajiondokea. Usinunue dawa ya chupa. Ila taa ya mchana kutwa unamwashia nani? Bakteria hawaihitaji. Izime mpaka kiumbe wa kwanza aingie, vinginevyo baada ya diatomu utakaribisha mwani wa nywele, na huo hauondoki kwa hiari yake.

Baada ya jaribio la saa 24 anza na konokono watatu. Wiki mbili baadaye walete samaki wako. Hao wa machungwa wote huzaliwa madume. Wakiwa wawili, mkubwa hugeuka jike. Kwa hiyo chagua wachanga, mmoja awe mkubwa kidogo kuliko mwenzake, usichukue wakubwa wawili walio sawa maana watapigana. Hawalazimiki kuwa na anemoni, yule mnyama wa bahari mwenye minyiri wanayejificha ndani yake. Anemoni usiiguse mpaka tangi litimize mwaka.

Matumbawe tangi likifikisha miezi mitatu, kipande kimoja, cha aina ngumu kufa kama zoantha, yale laini yanayofanana na vijiua, au yale yenye umbo la uyoga. Kiweke chini mchangani, taa ikiwa hafifu, ukiongeza mwanga kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Chakula chake kingi hutengenezwa na mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama yake. Ukimchoma kwa mwanga wa ghafla anautema, unabaki na tumbawe jeupe linalokufa njaa chini ya taa ya gharama. Na kabla ya kukiingiza, kigeuze ukikague chini kwa kioo cha kukuzia. Wageni wengi waharibifu huja wamejibanza hapo.

Wanangu wananicheka, umesema. Wape kile kioo cha kukuzia usiku, tangi likiwa giza, na tochi yenye mwanga mwekundu. Kama kuna chochote kilichokuja na mchanga, ndio wakati kinatoka.

*Bibi, zoantha zangu zimeenea juu ya jiwe hadi zinawabana wengine. Jirani anasema nilichemshe jiwe lote zife, kisha nilitumie upya. Nifanye hivyo?*

La, la, la. Zoantha, na hasa ndugu zake waitwao Palythoa, wanaweza kuwa na palitoksini, mojawapo ya sumu kali kuliko zote zinazotokana na viumbe. Ukichemsha jiwe, sumu hupanda na mvuke, na watu waliofanya hivyo wamelazwa hospitalini pamoja na kila aliyekuwa ndani ya nyumba. Usimimine maji moto juu yake, usilisugue kwa brashi likiwa nje ya maji, usilikate bila glavu na miwani ya kufunika macho. Likiwa bado ndani ya maji, bandua pembeni kipande kidogo ukiwa na glavu, kisha nawa mikono. Ukiwa na kidonda kidoleni, iache kazi hiyo mpaka kipone.

*Umeme ukikatika kwa saa nyingi nifanyeje? Sina jenereta.*

Watu huwaza joto kwanza. Kinachoua mapema ni kukosa hewa, kwa sababu pampu ikisimama uso wa maji unatulia na oksijeni haiingii ya kutosha. Chukua jagi safi, chota maji ya tangi, yamimine tena kutoka juu kiasi cha kiganja. Dakika tano, kila baada ya nusu saa. Mwaka 1846 mama mmoja wa Uingereza, Anna Thynne, alibeba matumbawe kutoka Torquay, mji wa pwani, hadi London akayaweka hai kwa miaka, bila pampu wala umeme: mtumishi wake alikuwa akiyamimina maji kutoka chombo hadi chombo mbele ya dirisha lililo wazi. (Jina la mtumishi sijaliona popote, na kazi ilikuwa yake.)

Pampu ndogo ya hewa ya betri itakupumzisha mkono, inunue mapema. Kukiwa na baridi, zungushia tangi blanketi, uache juu wazi. Taa zisikusumbue, matumbawe yanavumilia giza la siku moja au mbili. Chakula usitie hata chembe mpaka pampu irudi kuzunguka, na itakaporudi, tazama hita kwanza: hakikisha imezama yote majini kabla hujaiwasha, maana kile ulichochota na kumwaga nje bila kujua huwa kingi kuliko unavyodhani.