Nyimbo za baba zinanikamata kuliko za enzi zangu, na mwanangu nimuanzishe lini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 34. Baba alikuwa na redio kaseti, kila Jumapili anaiwasha huku anatengenezatengeneza vitu vyake na mi nipo pembeni namshikia tochi. Mpaka leo zile nyimbo zinanikamata kuliko hata za enzi zangu za sekondari, na zilitoka kabla sijazaliwa! Inakuwaje kitaalamu? Pili nina mtoto wa miaka 5, mtu kaniambia asipoanza kinanda kabla ya miaka 7 ndo basi tena. Kweli?

JIBU: Marahaba. Nianze na la baba maana ndo tamu, na tukilimaliza la mtoto litakuwa limeshajijibu nusu.

Kawaida ukimuuliza mtu mzima nyimbo zinazomrudisha nyuma anakutajia za alipokuwa na miaka kama 10 hadi 25 hivi. Sasa mwaka 2013 Carol Krumhansl na Justin Zupnick kule Marekani walitoa utafiti, waliwachukua vijana wa kama miaka 20 wakawasikilizisha nyimbo zilizotamba kuanzia 1955 mpaka 2009, na wakakuta wale vijana hawakuishia kwenye nyimbo za rika lao, walikuwa na ukaribu wa ajabu pia na nyimbo za wakati wazazi wao walipokuwa vijana. Yaani kama wewe kabisa. Mzazi anapiga anachokipenda, mtoto anakinyonya bila hata kujua ni cha zamani.

Kwa nini kinakaa? Kwanza sikio linaanza kazi mapema mno, miezi mitatu ya mwisho tumboni mtoto anasikia tayari, japo kwa kuzibaziba, besi inapita vizuri kuliko sauti nyembamba. Akifika miezi 6 anashtukia mabadiliko ya mapigo hata kwenye mziki wa watu wa mbali, ila akikaribia mwaka sikio limeshaegemea mapigo ya nyumbani. Halafu kuna hii ninayoipenda mimi: ukisikiliza wimbo unaoupenda na kuujua, ubongo unamwaga dopamini, ile kemikali ya raha, hata kabla ya ile sehemu yako haijafika, ilipimwa Kanada, matokeo yakatoka 2011. Kwahiyo ule wimbo wa baba uliousikia Jumapili mia, mwili wako unajua gitaa linaingia wapi, unalisubiri, likiingia umeshakwisha. Na hujakumbuka wimbo peke yake hapo, umekumbuka tochi na mgongo wa mzee.

Sasa miaka 7. Huyo aliyekuambia hajakudanganya ila kachanganya vitu viwili, ufundi na mapenzi. Kwenye ufundi umri una maana: wanamuziki walioanza kabla ya miaka 7 walipopimwa (Gottfried Schlaug na wenzake, 1995) daraja la neva linalounganisha pande mbili za ubongo lilikuwa nene zaidi kwa mbele, na ule uwezo wa kusikia nota moja ukaitaja jina bila kulinganisha na nyingine ni nadra sana kwa aliyeanza ukubwani. Lakini unaweza kuishi na mziki maisha yako yote bila uwezo huo, mi mwenyewe sina na nafundisha.

Mapenzi yana njia yake. John Sloboda, mwanasaikolojia wa mziki wa Uingereza, aliwahi kuwauliza watu wazima kumbukumbu zao za mziki za utotoni, na zile zenye furaha kali zilitokea mtu ametulia, nyumbani au na watu wake, hakuna anayemdai kitu. Zile za kuchukia zilikuwa na mwalimu, mtihani, aibu mbele za watu. Mi hili nimeliona kwa macho. Nililetewa mtoto wa miaka 6, akawa anabonyeza nota moja ya chini kabisa, anaweka sikio kwenye mbao, anasubiri mpaka mlio ufe, anabonyeza tena. Mama yake akamwambia we mbona unachezea, piga! Nikamuomba mama akae nje kidogo. Ile kuchezea ndo somo lenyewe bana, mtoto alikuwa anasikiliza kuliko wanafunzi wangu wakubwa wote wa wiki ile.

Kwahiyo akikuomba mwenyewe kinanda mpeleke hata kesho, dakika 20 zinamtosha umri huo, na ukiona anarudi analia badilisha mwalimu, usibadilishe mtoto. Asipoomba, wewe imba ukiwa unaosha vyombo, hata kama sauti yako ni ya chura, washa redio, mcheze. Kuna wachache sana ambao mziki hauwaingii kabisa na hawana ugonjwa wowote, wako hivyo tu, hao usiwalazimishe.

Halafu hizo kaseti za mzee kama bado zipo tafuta mtu azihamishie kwenye kompyuta mwaka huu huu, utepe unachakaa hata ukiwa umekaa tu kwenye boksi.